Kujilipa Mwenyewe: Shajara ya Mama Muuza Vitumbua, Tanga

5 Januari 2025: Mradi wenyewe

Nauza vitumbua hapa Tanga, mtaa wa Makorora. Nina watoto watatu: mkubwa anaingia kidato cha kwanza, wa kati yuko darasa la tatu, wa mwisho bado yuko nyumbani. Baba yao ni dereva, hutoka alfajiri na kurudi usiku. Mwaka jana mwishoni nilifika mahali ambapo ari iliisha kabisa. Unga nachanganya, watoto nawaogesha, wateja nawahudumia, lakini ndani hamna kitu. Shoga zangu wakaniambia nijipende, nijithamini. Nikawauliza: najithaminije? Kwa kufanya nini, saa ngapi, kwa pesa ipi? Hakuna aliyenijibu.

Basi mradi huu ni jibu ninalolitafuta kwa vitendo. Najilipa ujira kwa kazi yangu, ujira huo unaingia kwenye gharama kama mchele unavyoingia, kisha nione kama ari itarudi. Nitaandika hapa kila hatua ikiisha, pamoja na bei, ili mama mwenzangu anayeuza maandazi, karanga au juisi aweze kuiga. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kazi ya mama nayo hupotea hivyohivyo.

Gharama ya kuanzia: daftari kubwa 2,500, kalamu mbili 1,000.

19 Januari: Hesabu ya kwanza

Huu ndio mpiko wangu wa siku moja, bei za soko la Mgandini:

Mchele kilo 4: 10,400
Nazi 4: 3,600
Sukari kilo moja na robo: 3,500
Mafuta lita 1: 5,500
Hiliki na hamira: 1,500
Umeme wa brenda na taa: 1,000
Mkaa: 3,000
Jumla: 28,500

Napata vitumbua 220 hivi. Vinavyokwenda madukani ni 110 kwa shilingi 150 kimoja, yaani 16,500. Mlangoni nauza kama 90 kwa 200, yaani 18,000. Jumla 34,500. Kinachobaki ni 6,000, na miaka yote hiyo nimekuwa nikiiita faida.

Kumbuka 110 na 90 ni 200. Vitumbua 20 viko wapi? Nilikaa na daftari wiki nzima kuvitafuta. Wanangu wanakula. Jirani anachukua viwili "nitakupa kesho". Wifi akipita namfungia kwenye gazeti. Hakuna ubaya wowote hapo, ila ni shilingi 4,000 kila siku na hazikuwa zimeandikwa popote.

Kisha nikaweka bei ya mikono yangu. Hapa nilikwama kidogo, maana mtu anajipangiaje mshahara? Swali lililonisaidia ni hili: nikiumwa kesho, nani atakaanga badala yangu na atataka ngapi? Nikauliza mtaani. Kwa kazi ya kuamka alfajiri, kukaanga na kupeleka madukani, watu wanataka 5,000 na chai. Basi ujira wangu ni 5,000. Nikiutoa kwenye ile 6,000, biashara yenyewe inatengeneza 1,000.

Niliitazama hiyo elfu moja muda mrefu. Sikuwa mvivu wala sikuwa mkosefu wa shukrani, kama nilivyokuwa nikijiambia. Nilikuwa nafanya kazi bure, na mwili ulijua hivyo kabla ya kichwa.

Wewe unayeiga: usianze na bei ya kuuzia. Anza na hilo swali la nani atashika nafasi yako.

2 Februari: Yaliyoshindikana

Kwanza nilijaribu kupata muda wangu kwa kuamka mapema zaidi. Kwa kawaida naamka saa kumi alfajiri. Nikasema niamke saa tisa, nisome, niswali kwa utulivu, niwe na saa moja yangu. Matokeo yake nilisinzia mbele ya chuma cha vitumbua na mafuta yakanirukia mkononi. Mama anayelala saa tano usiku hana saa ya ziada ya kuiba. Ukiiba usingizini unalipa mchana, tena unawalipisha watoto kwa ukali. Njia hii nimeifuta.

Pili, nilijilipa kweli, lakini ujira nikauacha kwenye simu, laini ileile ya matumizi ya nyumbani. Haukulala hata siku mbili. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne katika shule za serikali ilifutwa tangu 2016, lakini kidato cha kwanza kina sare, viatu, madaftari, na kila wiki mtoto anarudi na mchango mpya. Pesa ikiwa karibu, mama haoni kama ni yake. Anaona sare.

Tatu, nikanunua kibubu cha mbao kwa 5,000 nikakificha juu ya kabati. Kilikaa vizuri mpaka gesi ilipoisha siku ya wageni, nikakivunja kwa kisu. Shida ya kibubu cha nyumbani ni kwamba mlinzi wake na mvunjaji wake ni mtu mmoja.

Kilichofanya kazi: kikundi. Nilikuwa mwanachama wa VICOBA mtaani, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, lakini nikinunua hisa moja kwa kujivuta. Sasa nimepanga 10,000 ya ujira wa wiki iende hisa tano za 2,000 kila tunapokutana. Sanduku letu lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu tofauti, kwa hiyo hata nikitamani kuvunja, siwezi peke yangu. Mpango huu wa akiba za akina mama ulianzia Niger mwaka 1991, kwa wanawake wa vijijini ambao wengi hawakujua kusoma, ukaingia kwetu ukipitia Zanzibar. Waliobuni sanduku la kufuli tatu walimjua mama vizuri. Hawakumlinda dhidi ya wezi tu, walimlinda pia dhidi ya huruma yake mwenyewe.

Kwa wanaotaka kujiunga: ulizeni kwanza kama kikundi kimesajiliwa. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 imeviweka vikundi hivi daraja la nne na inavitaka visajiliwe.

23 Februari: Mazungumzo na baba watoto

Hii sikuipangia hatua, lakini ilikuja na inastahili nafasi.

Alikuta daftari mezani. Akasoma "ujira wa mama 5,000" akauliza, kwa upole tu, "Mama, unajilipa mshahara nyumbani kwako?" Nikasikia joto masikioni. Zamani ningefunika daftari nikaenda jikoni. Safari hii nilivuta kiti nikamwonyesha ukurasa mwingine, ambao sijaueleza hapa.

Ukurasa huo una safu mbili. Safu ya kwanza ni kazi inayouzwa: kuloweka mchele, kusaga, kukaanga, kupeleka. Ya pili ni kazi isiyouzwa: kufua, kupika, kumpeleka mdogo kliniki, kusimamia kazi za shule, kumuuguza mama mkwe alipokuja. Niliandika saa tu, bila pesa. Safu ya pili ilikuwa ndefu kuliko ya kwanza kila siku, bila kukosa. Si kwangu tu. Shirika la Kazi Duniani lilipiga hesabu mwaka 2018 likakuta zaidi ya robo tatu ya saa za kazi za matunzo zisizolipwa duniani zinafanywa na wanawake.

Nikamwambia: hii ya pili siidai pesa, hawa ni wanangu. Nataka tu ionekane. Hii ya kwanza ndiyo najilipa, kwa sababu ni biashara, na biashara isiyomlipa mfanyakazi wake inakufa na mfanyakazi wake.

Nikamkumbusha pia habari ya Bi Hawa Mohamed, ambayo tuliisikia kwa msaidizi wa kisheria alipokuja kikundini. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, Jaji Mkuu akiwa Francis Nyalali, iliulizwa kama mke aliyekaa nyumbani akipika na kulea ana mchango katika mali ya ndoa. Mahakama ikasema ndiyo, kazi za nyumbani ni sehemu ya juhudi za pamoja zinazotajwa katika Sheria ya Ndoa ya 1971. Bi Hawa mwenyewe rufaa yake haikumpa alichodai, kwa sababu nyingine, lakini neno lile limewabeba wanawake wengi baada yake. Sikumtajia kesi kwa kumtisha. Nilitaka ajue kwamba ninachokiandika mezani hapo kilishaandikwa na watu wazito kuliko mimi.

Alikaa kimya. Kisha akasema Jumanne na Alhamisi anaingia kazini baadaye, atawaandaa watoto yeye. Ameshika neno mpaka leo. Chai yake ina sukari nyingi na wanangu wanaishangilia.

16 Machi: Ramadhani

Mwezi mtukufu umevuruga kila kitu. Biashara ya asubuhi imekufa, watu wanataka vitumbua vya futari. Nakaanga kuanzia saa tisa alasiri nikiwa nimefunga, mbele ya moto. Nazi imepanda. Wageni wanafuturu kwetu, na ni heri kubwa, siwezi kuhesabu sahani ya futari.

Wiki ya kwanza sikujilipa kitu. Ya pili vilevile. Ile hali ya mwaka jana ikaanza kurudi, ile ya kufanya yote bila kuwepo. Hapo nikatunga kanuni ambayo naona ndiyo muhimu kuliko zote katika mradi huu: ujira unaweza kupungua, hauwezi kuwa sifuri. Biashara ikibana najilipa nusu, 2,500, na nusu iliyobaki naandika kama deni ambalo biashara inanidai… hapana, ambalo mimi naidai biashara. Angalieni jinsi hata kalamu imezoea kumfanya mama awe mdaiwa.

Vivyo hivyo nyumba ikikopa kwenye ujira wangu. Inaandikwa. Baada ya Idi biashara itanilipa deni lote, kidogo kidogo.

20 Aprili: Bei

Ile faida ya elfu moja ni ndogo mno, mchele ukipanda kidogo tu inayeyuka. Lazima niguse bei. Hapa nimepoteza pesa nyingi, kwa hiyo naeleza taratibu.

Jaribio la kwanza, 250 kimoja. Halikufika mbali. Sarafu ya hamsini haipatikani. Mteja anakupa mia tatu, huna chenji, anaondoka au unamwachia. Watoto wa shule wana mia mbili mkononi, basi.

Jaribio la pili, kupunguza ukubwa na kubaki 200. Anayejua chuma cha vitumbua atanielewa: shimo lina kina chake. Ukimimina uji mpaka karibu na ukingo, kitumbua kinaumuka, kinajibeba, unakigeuza kwa sindano ndefu na upande wa pili unafunga vizuri. Ukimimina nusu shimo, kinakaa chini bapa, hakipati tumbo, na mafuta yanajaa juu yake. Kinakunywa. Mafuta ya lita moja yakawa lita na robo kwa mpiko uleule, na mzee mmoja mteja wangu wa siku zote akanirudishia mfuko akasema, "Mwanangu, hivi ni vibibi vya mafuta," yaani vile vikate bapa vya mchele. Niliacha mara moja. Hasara ya wiki ile ni kama 12,000, pamoja na wateja waliokwenda kwingine na kurudi polepole.

Kilichofaa: sikugusa bei ya mlangoni. Niligusa ya madukani, kutoka 150 kimoja hadi sita kwa elfu moja. Ni karibu 167 kwa kimoja, chenji haisumbui, na mwenye duka akiuza 200 bado anapata. Duka moja lilikataa. Nilisema ahsante nikaenda kwa mama wa kantini ya shule, akachukua mgao wao siku hiyohiyo. Zamani ningebaki kwenye lile duka kwa woga, kwa sababu woga wangu haukuwa na bei. Sasa najua kila kitumbua kinanigharimu kama 130 kabla ya mikono yangu, kwa hiyo najua mahali pa kusimama.

Vile 20 vinavyopotea nimevipanga pia. Kumi vya wanangu vinalipwa na matumizi ya nyumba kwa bei ya gharama, 1,300. Vinne ni vya kugawa, nagawa kwa moyo mweupe. Vilivyobaki vinauzwa. Mkopo nimeusimamisha, na aliyenuna alinuna siku mbili.

Hesabu mpya: madukani na kantini 108, 18,000. Mlangoni 98, 19,600. Nyumba 1,300. Jumla 38,900. Nikitoa 28,500 inabaki 10,400. Nikitoa ujira wangu, faida ni 5,400.

18 Mei: Siku ya mapumziko

Nilichagua Ijumaa, kwa ajili ya sala na kupumzika. Haikufaa. Ijumaa maduka na kantini yanataka mzigo, na muuzaji mwingine akajaza nafasi yangu upesi. Nikafungua daftari badala ya kusikiliza hamu, likaniambia siku yangu dhaifu ni Jumapili, shule zikiwa zimefungwa. Nimehamia Jumapili. Wateja wa mlangoni niliwaambia wiki mbili mapema, mmoja mmoja, na wengi siku hizi wanachukua vya ziada Jumamosi jioni, wanavipasha asubuhi.

Siku sita kwa 5,000 ni 30,000 kwa wiki. Kumi ya hisa, kumi ya mahitaji yangu, na kumi haina kazi. Hii ya mwisho ndiyo iliyonitoa jasho. Wiki za mwanzo niliipa kazi kabla haijafika: dawa ya minyoo, kalamu za mtoto, nauli ya mdogo wangu. Pesa isiyo na kazi inamfanya mama ahisi kama ameiba. Iacheni ikae. Hisia hiyo inapungua, niliona ikipungua.

29 Juni: Matumizi ya kwanza makubwa

Jino la nyuma limeniuma tangu mwaka juzi. Nilikuwa natafuna upande mmoja, nameza dawa ya maumivu, na kila nikilitengea pesa, pesa inakwenda kwa mtoto. Mwezi huu nimeliziba kwa 40,000, zote kutoka kwenye ujira. Nimekula muhogo wa kukaanga kwa pande zote mbili za mdomo.

Siku hiyohiyo nikapitia kituo cha afya kupima mlango wa kizazi, maana nimevuka miaka 30 na ndio umri wanaoanza kutuhimiza. Kipimo wanapaka maji ya siki, wanasubiri dakika chache, wanaangalia kama kuna sehemu iliyogeuka nyeupe. Majibu nilipata palepale, na sikulipa kitu. Nilikiogopa kwa miaka bila sababu yoyote ya maana. Kilichonizuia ni kwamba asubuhi ya kwenda ilikuwa asubuhi ya kukaanga, na asubuhi ya kukaanga haikuwa na mtu mwingine.

Hilo likanipeleka kwenye hatua ifuatayo.

10 Agosti: Msaidizi

Kwa kuwa ujira umo kwenye gharama tangu Januari, kumlipa mtu mwingine hakunipunguzii faida. Akikaanga yeye, 5,000 ya siku hiyo ni yake. Sikuwa nimeliona hili nilipoanza. Bila ule mstari wa ujira, msaidizi angekula faida yote na ningesema biashara haibebi watu wawili.

Nilimfikiria kwanza binti aliyemaliza kidato cha nne, nikaacha: saa kumi alfajiri si saa ya kumtembeza binti wa watu njiani. Nimempata mama mmoja mtu mzima, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Jumatatu na Jumatano ni zake.

Siku ya kwanza ilikuwa na hasara. Chuma kilipata moto mno, vitumbua vikaungua nje na ndani bado uji. Tulitupa kama thelathini. Sikuwa nimemfundisha, nilidhani kila mtu anajua. Tukafanya hivi: tone moja la uji kwanza kwenye shimo la katikati. Likiganda polepole na vishimo vidogo juu, moto uko sawa. Likichachamaa na kubadilika rangi pale pale, toa makaa mawili pembeni, subiri. Tangu hapo hatujatupa.

Shida ya pili ilikuwa mimi kuamka na kusimama mlangoni kumwangalia. Tumekubaliana kwamba uji naukoroga mimi usiku na kila kitu nakiacha kimepimwa, yeye akija ana kazi ya moto tu. Nami nalala chumba cha watoto, mbali na jiko, mpaka saa kumi na mbili na nusu.

14 Septemba: Hali ilivyo

Hisa zangu kikundini zimefika mahali ninapoweza kukopa kwa kununua jokofu dogo la mitumba, ili tui lisiharibike siku za joto. Bado sijakopa. Nataka kwanza faida ilipe rejesho bila kugusa ujira, na kwa hesabu za sasa inawezekana kama kantini ya pili ikikubali.

Kuhusu ari, kwa sababu ndiyo iliyonileta hapa: haikurudi kwa mkupuo. Kuna asubuhi bado nzito. Lakini uzito wa sasa ni wa kuchoka, na uchovu unaondoka ukilala. Ule mwingine, wa kujiona kama chombo cha nyumba, sijauona tangu Ramadhani.

Binti yangu mkubwa ameanza daftari lake. Anasuka nywele za wenzake Jumamosi, na juzi aliniuliza aandike nini kwenye mstari wa kazi yake. Nimemwambia aulize kwanza msusi wa mtaani anatoza ngapi kwa kichwa.

Jumatatu nakwenda kantini ya pili na sahani ya vitumbua vya kuonja. Bei ni ileile, sita kwa elfu.